Piano Isiyo na Kitufe

Alhamisi, mvua tangu asubuhi. Nimerudi nyumbani, mtaa wa Gihosha, viatu vikiwa vimelowa, nimekunywa chai ya moto, nimefungua daftari. Nina woga, na leo nitauandika hapa bila kuupamba.

Zimebaki siku tatu. Jumapili nitakaa mbele ya piano, kanisa zima likiwa nyuma yangu, na sijui kupiga piano.

Anayenijua akisoma hapa atacheka. Odette huyuhuyu, aliyepigia kwaya kinanda miaka kumi na moja? Huyohuyo.

Kinanda cha umeme kina kitufe kidogo upande wa kushoto, cha kuhamisha sauti. Mimi nilifundishwa kupiga ngazi moja tu, ya do, vibao vyeupe vitupu. Wimbo ukianza juu zaidi, nabonyeza kitufe mara mbili au tatu, kinanda kinapanda chenyewe na vidole vyangu vinabaki palepale. Ukianza chini, nabonyeza kushuka. Anayesikiliza anadhani huyu dada anajua ngazi zote. Anajua moja. Tuko wengi mjini hapa tunaopiga hivyo, na hakuna anayemtaja mwenzake.

Mwalimu wetu wa kwaya ni Mzee Sylvère, ana miaka sabini na kitu. Hatumii karatasi. Anakohoa kidogo, anaimba neno la kwanza kwa sauti aliyoamka nayo siku hiyo, na kwaya inamfuata. Mimi nina kama sekunde nne za kumtafuta kwa kitufe. Nimezizoea hata sizihesabu tena.

Mwezi uliopita familia moja ya wageni ilihama nchi ikaliachia kanisa piano yake. Piano ya mbao, ya kweli, ilibebwa na wanaume sita. Pasteri alifurahi mno, akatangaza mbele ya watu kwamba Jumapili hii kinanda kitapumzika na Odette atazindua piano. Kanisa likapiga makofi. Mama yangu alisimama akapiga vigelegele. Mimi nikatabasamu kama mjinga.

Piano haina kitufe.

Tangu siku ya tangazo hilo, wiki mbili sasa, nakwenda kanisani kila siku saa za mapumziko. Ofisi yetu iko Rohero, mtaa uleule wa kanisa, kwa hiyo saa sita na robo nimeshakaa kitini, na kabla ya saa nane narudi kazini. Kwa muda huo ningekuwa nimefika mbali. Lakini katika saa nzima na zaidi, dakika ninazopiga kwa akili yangu yote hazifiki kumi.

Simu siyo inayonisumbua, naiacha ofisini kwenye droo. Ninayejisumbua ni mimi. Naanza ngazi ya re, kidole cha tatu kinatakiwa kukanyaga kibao cheusi, na kabla hakijafika mimi niko tayari Jumapili. Namwona Mzee Sylvère akigeuka kunitazama. Nawasikia akina dada wa sauti ya kwanza wakiyumba. Namwona mama akiangalia sakafu. Nikishtuka, vidole vimesharudi kwenye vyeupe, vinapiga do yao, vimeridhika kabisa.

Jumatatu nilijaribu kuhesabu kwa sauti. Jumanne nilifumba macho. Jana nilijipangia wimbo mmoja, mistari miwili, ngazi moja, basi. Ngazi ya fa ikakubali, nusura nicheke peke yangu. Kisha nikawaza, je, mzee akiamka na mi bemoli, ngazi yenye vibao vyeusi vitatu? Nikafunga kifuniko saa saba kamili, nikakaa nikila ndizi mpaka muda ukaisha.

Na leo nilikuwa nimepanga jambo ambalo naona aibu kuliandika. Nilipanga kumdanganya mzee. Nimwambie piano ni kuukuu, nyuzi zake zinaweza kukatika, afadhali Jumapili nyimbo zote tuziimbe kwenye do. Sentensi hiyo niliifanyia mazoezi kuliko wimbo wenyewe.

Saa sita na nusu akaingia mwenyewe, koti likichuruzika maji. Alikuja kuangalia kama paa linaivujia piano. Akakaa benchi la mbele, akafuta miwani yake. Nikaanza uongo wangu, nyuzi, ukuukuu, do.

Hakuniacha nimalize.

"We Odette, mi najua zamani," akasema. "Ile siku umeme ilikatika katikati ya wimbo, ikarudi, ukaingia na sauti ingine kabisa. Kinanda ilikuwa imesahau. Mutu anatafuta na vidole yake hawezi kusahau vile."

Nilikumbuka. Ilikuwa Pasaka, miaka sita iliyopita. Kinanda kikizimika, kikiwaka kinarudi kwenye do, hata kama ulikuwa umekipandisha. Kwaya ilikuwa juu huko, mimi nikaingia chini na vibao vyangu vyeupe. Watu wote waliulaumu umeme, nami niliulaumu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, ungeacha. Kwaya ingebaki na nani?"

Hapo nikamwomba, safari hii bila uongo, machozi yakiwa karibu. Jumapili anianzishie kwenye do, nyimbo zote. Nilidhani mtu aliyenitunzia siri miaka sita hatanikatalia hilo.

Alijaribu palepale. Akakohoa, akaimba neno la kwanza nilipomgongea do. Sauti ilipanda nusu, ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika palepale.

"Unaona? Uko juu siendi tena. Kila mwezi inashuka. Asubuhi nikiamka ndiyo najua iko wapi. Na mi naogopa, mwanangu. Kila dimanche naogopa."

Sijawahi kumsikia mzee yule akisema anaogopa, tena kila Jumapili.

Akaanza wimbo kwa sauti aliyokuwa nayo, ya chini, akaniashiria nimtafute. Nikagusa kibao kimoja, sicho. Kingine, sicho. Hakunisubiri. Aliimba mstari mzima peke yake nikihangaika. Kwenye mstari wa pili nikampata, la bemoli, kwenye vile vibao vyeusi ninavyovikimbia. Nikamfuata kwa kidole kimoja, mkono wa kushoto ukiwa magotini. Nilikosea mara tano au sita. Aliurudia wimbo mara nne, na mara zote nne sikuiwaza Jumapili hata kidogo. Nafikiri ni kwa sababu nikiwaza chochote kile, yeye alikuwa ameshanipita.

Nilifika kazini saa nane na dakika kumi, mkuu wangu akanitazama kuanzia viatu hadi nywele. Sikujali.

Sijapona, nisijidanganye. Siku tatu hazinitoshi kujifunza ngazi zote zilizobaki. Mzee amesema kesho saa sita atakuja tena, na Jumamosi pia, na sauti yoyote atakayoamka nayo. Nimeamua kumfuata kwa kidole kimoja. Jumapili nikimpoteza, nitanyamaza, nitasikiliza, nitamtafuta tena, hata kama mama na kanisa zima watausikia ukimya wangu.

Ila kuna neno alilolisema akiwa mlangoni, akifunga koti, ambalo nimetembea nalo mpaka nyumbani. "Siku sauti itanikatalia kabisa, ni we utaanzisha. Kwaya itashika sauti kwako."

Na kama siku hiyo ni Jumapili hii?