Gari la Mtaliano Linakoroma Kama Wewe

Voi, Jumanne

Baba Mghoi mpenzi,

Hatujambo, ila usingizi hatuujui. Tangu tufike hapa kwa shangazi, mwanao analia usiku na mchana, na mimi natembea naye barabarani kama askari wa zamu.

Leo, pale penye pampu ya petroli, tumekuta gari jekundu la Mtaliano mmoja, fupi hata mbuzi anaweza kuliruka. Ndani lina viti viwili tu, vya ngozi inayonukia kama viatu vipya, na usukani wa mbao unaong'aa kama mwiko uliopakwa mafuta. Nikamwuliza, "Watoto unawaweka wapi, bwana?"

Akacheka. "Mama, hili ni la mbio. Maili mia na ishirini kwa saa." Akaliwasha ili nisikie.

Baba Mghoi, lilikoroma kama wewe. Mtoto akanyamaza, akalala papo hapo. Mtaliano alipotaka kuzima, nikamwambia, "Usizime."

"Basi keti, mama."

Nikaketi. Tukazunguka Voi polepole, tukipitwa na baiskeli ya muuza maziwa, mpaka na mimi nikasinzia. Shangazi anasema nisikuambie.

Sasa nimejua mtoto anakosa nini. Maneno yote niliyosema juu ya mkoromo wako nayafuta. Jumamosi panda treni uje ulale nasi. Lakini ugeukie ukutani.

Mkeo anayekukumbuka,
Mama Mghoi