Buibui Mwenye Jina la Mama

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa kaka,

Hamjambo huko? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa huku ukijidai mzima? Shemeji na binti yenu wanaendeleaje? Sisi tunapumua. Mama ana nguvu, ila goti humsumbua akipanda ngazi.

Barua yako nimeipata. Unaniambia nifunge mdomo. Imenikasirisha, kwa sababu nilitamani sana kukutii.

Unamjua marehemu baba alivyokuwa. Waume wengine huwapa wake zao pete, yeye akampa mama buibui. Katika familia nzima ya buibui warukaji, yule wa kahawia mwenye macho makubwa mbele ndiye baba aliyemgundua akampa jina la mama vitabuni. Picha ya buibui huyo bado iko sebuleni, na kila mgeni lazima aonyeshwe, hata fundi bomba.

Shida ni kwamba baba alipata majike tu. Dume hakuwahi kumwona. Mimi, kwa kiherehere changu, nikaleta nyumbani mfuko wa mayai wa buibui huyo na kuuweka ndani ya chupa jikoni. Mama ndiye aliyewalisha watoto inzi. Walipokomaa nikawatenga majike na madume. Majike walikuwa wa kahawia, wale wale wa mama. Madume walikuwa weusi wenye mstari mweupe, na hao walishapewa jina lao na mtu mwingine kabla baba hajazaliwa. Kumbe ni spishi moja. Na kanuni yetu wanasayansi haina huruma: jina la kwanza hubaki, la pili hufutwa.

Mkuu wa idara anataka makala yangu kesho. Wiki nzima nimemkwepa mama ndani ya nyumba hii ndogo, nakula macho yakiwa kwenye sahani. Niliogopa, kaka. Mama hana mtaa wala shule yenye jina lake. Ana buibui.

Jana nikiosha vyombo, akaja na ile chupa akaiweka mbele yangu.

"Hawa weusi ni tumbo moja na wangu," akasema. "Sasa mbona unanikimbia?"

Nikamweleza yote. Maji yalikuwa yamefurika beseni, akafunga bomba.

"Baba yako angejua umeficha, angekufukuza maabara," akasema. "Peleka."

Leo asubuhi macho yake yalikuwa mekundu. Picha hajaiondoa ukutani, nami sijathubutu kuuliza.

Basi ushauri wako nimeukataa. Ninunie mimi, lakini yeye mpigie simu. Usimpe pole. Muulize habari za inzi.

Msalimie sana shemeji. Binti yenu, mliyempa jina la mama, mbusu kwa niaba yetu. Mama ameniagiza hivi: "Mwambie somo yangu jina sasa limebaki kwake peke yake, alishike vizuri."

Mungu awafunike huko mliko.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukinuna,
Macho Manne