Kadi ya Sauti ya Kwaya Yetu

Mujukuu wangu Kapya,

Huku Dilala tuko wazima, na dada yako amejifungua mutoto muke. Unauliza kama kadi ya sauti inafaa, wakati kompyuta yako ya mezani inatoa sauti tayari.

Nilipokuwa kijana, redio ilikataa wimbo wa kwaya yetu kwa sababu ulivuma kama nyuki. Kiongozi wetu akasema, "Ni sauti ya Ngoie inaharibisha. Atoke."

Ngoie, nkambo wako mwanamke, alilia. Mimi niliishuku kompyuta tuliyorekodia, maana sauti yake ilitoka kwenye ubao mkuu, karibu na umeme unaovuma. Nikachomoa waya wa umeme, nikaifungua, nikachomeka kadi ya sauti na kuikaza kwa skrubu. Tukarekodi wimbo uleule, kwa maikrofoni ileile, kisha nikamvalisha Ngoie kaske, vile visikizi vya masikioni, asikilize rekodi zote mbili, ya zamani na mupya.

"Yaya Ilunga, ni mi huyu? Ata pumuzi yangu inasikika!"

Mvumo ulikuwa umekwisha. Jumapili redio ilipiga wimbo wetu, na jirani zetu wakatoka nje wakicheza.

Kwa hiyo rekodi kwanza, usikilize vizuri. Ukisikia mvumo, jaribu kadi. Kiongozi wetu alimwomba Ngoie msamaha mbele ya kwaya nzima, naye akamjibu kwa kuimba.

Nkambo wako,
Ilunga