Umeufuta Mto Wetu

Gulwe Stesheni,
S.L.P. 41,
Mpwapwa.
Jumatatu, 1 Oktoba 2007

Mpendwa mwanangu Mustapha,

Januari 1998 mto Kinyasungwe ulichukua mashine yangu ya kusaga, injini yake, kibanda chake, na magunia kumi na moja ya mtama ya watu. Agosti mwaka huu wewe umeuchukua mto wenyewe. Mto ulihitaji mvua ya siku nne. Wewe ulihitaji kidole kimoja.

Sasa salamu. Assalaam alaikum. Natumaini u mzima huko Leeds, masomo yanakwenda, na baridi haijakuzidi. Sisi tu wazima. Mama yako mguu umepona, anatembea bila fimbo, na hapo mbele nitakueleza miguu hiyo inampeleka wapi. Mimi nimefunga, kwa hiyo maneno makali nimeyaweka mpaka baada ya futari. Haya unayosoma ndiyo laini.

Uliniambia kwenye simu kwamba wewe na wenzako mnaandika kamusi elezo ya Kiswahili kwenye mtandao, kwamba yeyote anaweza kuongeza lake, na kwamba makala ya jiografia ya Tanzania unaiangalia wewe. Nilifurahi, wallahi. Nikapanda basi hadi Mpwapwa mjini, kwa Violeth, yule binti mwenye chumba cha intaneti, nikakusoma. Milima sawa. Maziwa sawa. Nikafika kwetu, uwanda wa kati: "Eneo hili ni kame na halina mito, ila mabonde makavu." Nikamwambia Violeth arudi juu, labda tumeruka mstari. Hatukuruka.

Basi nikaandika, yeye akipiga chapa: mto Kinyasungwe hulala kiangazi na kushuka masika. Ukafuta. Nikaandika tena. Ukafuta, ukaacha neno moja: "Chanzo?" Nikasema alhamdulillahi, kijana ameanza kuuliza. Nikakuandikia chanzo vizuri kabisa: unaanzia juu huko upande wa Dodoma, unakuja mashariki, unapita kwetu Gulwe, unakwenda zake mpaka Wami na baharini. Ukafuta mara ya tatu, ukaandika: "Ndugu mchangiaji, hapa si mahali pa mizaha. Soma kwanza."

Violeth alicheka mpaka akashika meza. "Mama Rukaya, anataka kitabu! Chanzo cha habari, siyo chanzo cha maji!" Mimi ningejuaje? Ukimwuliza mtu wa Gulwe chanzo cha mto atakunyooshea kidole magharibi.

Na ujue kwamba huyo ndugu mchangiaji ni mama yako mdogo, aliyekufundisha kuhesabu kwa punje za mahindi. Sikuweka jina langu kwa sababu sikutaka nipendelewe. Kumbe nilikuwa na hofu ya bure.

Najua umetoa wapi fikra hiyo. Uliondoka mwaka 1996. Mto unaoukumbuka ni ule wa likizo za Agosti, wewe na wenzako mnacheza mpira juu ya mchanga wake, magoli mawili ya mawe. Lakini mlipopata kiu mlifanya nini? Mlichimba palepale katikati ya uwanja, mkono ukafika kwenye kiwiko, maji hayo. Bonde kavu gani linanywesha timu mbili? Sisi tunasema mto umelala. Hatujawahi kusema umekufa. Au huko kwenu mto uliobaki ni ule wa kuwekea kichwa tu?

Hukuwepo ulipoamka. Niliianza biashara hii kwa kuuza maandazi madirishani mwa treni. Ruksa ilipokuja, kila mtu akawa huru kusaga na kuuza, nikanunua mashine bila mkopo wa mtu na bila mume wa kunisainia. Miaka tisa ilisaga. Mto ulipopita, reli ilining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na gurudumu la injini yangu tulilikuta limezikwa kwenye mchanga kule chini, limebaki sikio tu. Nikaanza upya, safari hii mlimani. Sidai pole yako. Nadai mto wangu.

Ungekuwa ubishi wa karatasi tu ningekuacha ukue nao. Lakini kuna dalali hapa, Matonya, anauza viwanja pale kwenye kona ya mto, mchanga mweupe, kiangazi hiki panapendeza kama kitanda kilichotandikwa. Ameuchapisha ukurasa wako na kuutia plastiki. Mtu akiuliza habari ya maji, anautoa kwapani: "Hata mtandao umesema, mama. Mito hakuna." Na mteja wake wa kiwanja namba saba ni mama yako, kwa zile fedha ulizomtumia za kujengea nyumba. Namba saba, Mustapha, ndipo ilipokuwa mashine yangu. Nimesimama pale mwenyewe, nimeukuta msingi.

Usidhani sikumwambia. Nilimwambia mbele ya Matonya. Dada yangu akanicheka: "Rukaya, wewe kila ukiona mchanga unaona mafuriko." Nikamwambia mchanga huo ameuleta nani kama si mto? Akajibu, "Mwanangu yuko chuo kikuu na ameandika kwa mkono wake. Wewe umesomea wapi?" Matonya akakohoa kwa adabu, kama mtu aliyekwisha kulipwa.

Kwa hiyo maneno yangu hayamzuii. Yako ndiyo yanampeleka. Atalala humo yeye na mdogo wako Harithi, na masika hayaulizi nani alisoma.

Umetaka chanzo cha habari, nimekutafutia. Mwalimu Fabian wa sekondari amenifungulia ramani ya serikali ya eneo hili, Violeth ameipiga picha na kuiambatisha na barua hii. Tazama karibu na stesheni: mstari wa buluu, umekatikakatika. Mwalimu anasema ndivyo wanavyochora mto wa msimu. Nimekubali, nami nakubali kukatiwa: andika "mto wa msimu", sitakudai zaidi. Ila mstari uliokatika si mstari uliofutwa.

Ukitaka kubishana, karibu. Wewe ukifuta, mimi nitaandika. Ukifuta tena, nitaandika tena, kila Jumamosi siku ya gulio, na Violeth amesema kwa ajili ya mto hanitozi. Ila safari hii hakuna muda wa mchezo huo, maana Jumamosi hii saa nne mama yako anakwenda kutia sahihi.

Harithi anakusalimu, anasema viatu vilimtosha. Rafiki yako Seth wa stesheni anakusalimu pia, bado anakukumbuka kwa penalti uliyokosa, palepale mtoni. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akujaalie funga yenye kukubaliwa, na akurudishe kwetu siku ya mvua, uone.

Barua hii Violeth anaituma leo kwa kompyuta, kwa hiyo usiseme ilichelewa posta. Naomba jibu la neno moja, nami nitamsomea mama yako kwa sauti, Matonya akiwepo. Kabla ya swala ya Ijumaa, saa sita mchana kwa saa za huku: Gulwe kuna mto, au hakuna?

Ni mimi mama yako mdogo, nikupendaye hata unaponifuta,

Rukaya