Tumbako Uliyonitumia

Mujukuu wangu Neema,

Tunakusalimia sana toka Fizi. Mama yako iko muzima, mihogo imekomaa. Unaniuliza kama ile tumbako ya Lubumbashi, isiyotiwa harufu yoyote, ni nzuri.

Nilipokuwa kijana nilikausha majani yangu ya kwanza juu ya moto, sababu ya haraka. Majirani walivuta mara mbili tu, wakasifu. Baba yangu alivuta kiko chote mpaka majivu, akasema: "Inauma ulimi." Nilimununia siku tatu. Kisha nami nikavuta mpaka majivu, na kweli iliuma.

Yako pia nimevuta mpaka majivu. Inauma ulimi, mujukuu wangu. Lakini sitamugawia mutu.

Ni mimi babu yako, ningali na kiko mukononi.