Wifi Alitaka Kulivuta Govi la Mwanangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako ingawa vita vyenyewe nimeshashinda, maana sijui ushindi huu niuweke wapi. Mimi ni fundi cherehani, nina mtoto wa kiume wa miaka mitatu, na wifi yangu mkubwa, ambaye amelea wanne na nyumbani kwetu hapingwi na mtu, alikuwa anamwogesha akaniita akasema govi halifunguki, limeganda, eti lisipovutwa kila siku mkojo utaziba, na hapo hapo akaanza kulivuta, mtoto akapiga yowe, nami ambaye siku zote kwake ni "abee wifi, sawa wifi", nikamnyakua mwanangu na mapovu yake nikasema, "Hashikwi tena mpaka daktari aseme!" Akanijibu, "Haya, daktari wa cherehani!" Mume wangu akacheka, lakini niliwakokota wote wawili mpaka kliniki, daktari akamtazama mtoto, akauliza kama anakojoa bila kulia, nikasema ndiyo, akasema, "Huyu mzima kabisa. Hongera mama, umemwepusha na jeraha." Nilitoka pale natembea kama nimevikwa taji! Sasa wifi haji kwetu, na mume wangu anataka nimwombe radhi kwa kumuumbua. Niombe?

Mama Fundi

Mama Fundi, radhi ya nini? Umefanya jambo la kishujaa!

Mtoto huzaliwa govi limeshikamana na kichwa cha uume. Huachana lenyewe polepole, wengine mapema, wengine mpaka wanakaribia kubalehe. Kulivuta kwa nguvu huchana ngozi, na kovu lake ndilo linaloweza kuleta hilo balaa analoliogopa wifi. Osha nje kwa maji, inatosha. Likishafunguka lenyewe, atafundishwa kulirudisha nyuma taratibu, aoshe, kisha alirejeshe mahali pake. Akiumia akikojoa, akivimba, au mkojo ukigoma kutoka, mkimbize hospitali.

Ila nawe, hilo taji! Ulimsimanga wifi njiani, sema kweli. Yeye hakuwa na nia mbaya, alifanya alivyofundishwa. Basi nenda kwake, na mumeo aliyecheka atangulie yeye kubisha hodi. Mwambie, "Wifi, wote tulikuwa hatujui, sasa tunajua." Akinuna leo, rudi kesho. Heshima mpe yote, hata ya ziada. Mwili wa mwanao usiuachie mtu auchezee kwa sababu ya heshima.