Azimio la Viatu Yatima

Jumatatu, 3 Machi

Ndugu wanamapambano! Nyinyi vidole vyangu kumi, mlioteseka kimya msimu mzima ndani ya gereza la kifahari — leo nawahutubia nyinyi, maana ukumbi mwingine sina. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kushoto umeng'oka. Wa pili huo tangu mfadhili alipoiletea timu yetu viatu vya mbio vyenye nembo inayojulikana hadi chekechea. Vyepesi, vinang'aa, na mbele vimechongoka kama kalamu. Mguu wangu si kalamu!

Nilimwonyesha mwalimu wa michezo. Akautazama mguu, akachezea filimbi yake, akasema: utazoea tu, binti. Utazoea! Ni wanyonge wangapi wa dunia hii wameambiwa neno hilo hilo? Kisha akaongeza kwamba Jumamosi, kwenye mbio za nyika za vyuo, mpigapicha wa mfadhili atakuwepo. Asiye na nembo mguuni hakimbii.

Hakimbii? Mimi?

Jumanne, 4 Machi

Duka la vifaa vya michezo, nyuma ya maktaba. Rafu ya chini kabisa, kando ya pampu za mipira: viatu vya kampuni ambayo sijawahi kuisikia. Mbele vipana. Soli ina meno ya kushika tope. Nilipovivaa, vidole vilitawanyika kama watu waliotoka kwenye lifti iliyokwama.

Nikamuuliza mwenye duka sifa za viatu hivyo.

"Sifa gani, dada? Hata jina lake nalisoma kwa kukaza macho. Watu wanavishika, wanauliza nani anavivaa, wanavirudisha."

Nani anavivaa! Kumbe hoja si ubora, hoja ni umati.

Hata hivyo, nilivivua. Nikaviacha pale pale. Vikichanika kwenye kijito cha njia ya mbio, mbele ya vyuo vyote, nafasi yangu kwenye timu imekwenda, na mwalimu atakuwa amepata wimbo wa mwaka mzima. Hasira niliyotoka nayo dukani haikuwa ya mwalimu. Ilikuwa yangu mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Imetosha! Leo nimesimama juu ya benchi katika chumba cha kubadilishia nguo. Wasichana watano mbele yangu, taulo mabegani. Nikasema uhuru unaanzia miguuni. Nikasema mwalimu anaweza kumwacha mmoja, lakini hawezi kuiacha timu nzima. Nikatoa azimio: Jumamosi sote sita tuvae viatu vya kampuni ile isiyojulikana. Makofi! Mmoja akavibatiza Yatima, kwa kuwa baba yao hajulikani. Jina likashika hapo hapo.

Breki ndiye pekee aliyenyoosha mkono. Tunamwita Breki kwa sababu huanza polepole mno — kisha anatumaliza wote mlimani.

"Umekimbia navyo wapi, komredi?"

"Dukani," nikasema. "Hatua chache."

Walicheka hadi taulo zikadondoka. Azimio likapita hata hivyo, kwa sauti moja! Mwenye duka ametuazima jozi sita hadi Jumapili. Anasema afadhali vichafuke kuliko kuota vumbi.

Mama kapiga simu. Anauliza kama bado nasomea sheria au nimehamia ushonaji viatu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua, tope, utelezi. Nimekimbia! Mlima, mteremko, kijito — bila kubanwa, bila kuchechemea. Sikuota mbawa, kasi ni ile ile. Lakini niliteremka bila kuogopa kila hatua, jambo ambalo sijalifanya tangu msimu uanze. Nikapiga kelele za ushindi peke yangu kama mwehu.

Kisha nikageuka. Breki anakuja akitembea, kiatu kimoja mkononi. Mguu wake mwembamba, ndani ya Yatima unaogelea. Kisigino kimechubuka, soksi ina damu.

"Kaza kamba," nikamwambia.

"Nimekaza hadi matundu yamebusiana."

"Basi vaa soksi mbili. Utazoea."

Alinitazama. Akacheka, na hakikuwa kicheko kizuri.

"Filimbi yako umeiacha wapi, mwalimu?"

Ijumaa, 7 Machi

Tangu asubuhi natafuta hoja. Umoja. Nidhamu. Azimio ni azimio. Miaka mitatu ya sheria, na sikupata hata hoja moja ambayo mwalimu asingeweza kuitumia dhidi yangu, neno kwa neno.

Nikaenda chumbani kwa Breki. Viatu vya mfadhili, vinavyomkaa kama vilishonwa kwa ajili yake, alikuwa amevificha chini ya kitanda asije akaitwa msaliti. Na nani? Na mimi!

Nikamwambia azimio nimelitengua.

"Wewe nani?" akasema. "Lilipitishwa na wote, litenguliwe na wote."

Ana haki, kichwa kigumu huyu!

Lakini nisisingiziwe: gerezani sirudi. Kesho navaa Yatima, hata nikibaki peke yangu. Nimemwambia mwalimu hivyo usoni. Akajibu kwamba saa mbili asubuhi anapeleka majina, na mguu usio na nembo ataukata kwenye orodha, uwe mmoja, iwe sita. Kuna wasichana wa akiba. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi.

Breki aliposikia, akavuta viatu vyake vya nembo kutoka chini ya kitanda, akaanza kuvifuta.

"Nitavaa hivi, nisimame ubavuni pako. Akikukata, anikate na mimi — halafu amweleze mpigapicha nani atapanda mlima."

Badala ya hotuba, nikachukua kalamu na karatasi. Mara ya kwanza maishani.

Nimebandika tangazo kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo: Kikao cha dharura, kesho Jumamosi, saa moja kamili asubuhi, nje ya ofisi ya mwalimu wa michezo. Kila mtu aje amevaa kiatu anachoweza kukimbia nacho, si alichokipigia makofi.